Mchumba na Mashine Yake ya Soda

Bi Setsu Minowa alikuwa ameshika ufagio, lakini hakuwa anafagia. Theluji ya usiku ilikuwa imejaa mlangoni pa hamamu yake, nyumba ya kuogea ya mji mzima, naye alikuwa amesimama katikati yake, miguu ameikita, kama mlinzi aliyewekwa hapo na serikali. Mbele yake lori dogo lilikuwa limerudi kinyumenyume, na juu ya lori, imefungwa kamba na kuvishwa mablanketi mawili, ilisimama mashine ya kuuzia soda.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Setsu," akajibu Chizuru Origuchi, akainama mpaka kofia ikamdondoka. "Samahani kwa kelele asubuhi yote hii."

"Mbona kubwa hivyo? Kohei aliniambia ni ndogo."

Kohei, mwanawe wa pekee, alijifanya anakaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa zamani.

"Ni ndogo, Mama. Ukilinganisha."

"Ukilinganisha na nini? Na treni?"

Chizuru aliuma mdomo asicheke. Kumcheka mama wa mpenzi wako kabla hujaolewa ni ujasiri ambao hata yeye hakuwa nao, na ujasiri alikuwa nao wa kutosha. Ni huyu huyu aliyeacha ajira ya ofisini Nagoya, akarudi kwao Sawatari, mji wetu huu mdogo chini ya milima ya Shinano, na badala ya kutafuta ajira nyingine akachukua akiba yake na kununua mashine iliyotumika kwa mzee mmoja aliyekuwa anastaafu. Moja kwanza, alisema. Ya pili itanunuliwa na ya kwanza. Watu walimwona kachanganyikiwa. Kohei alimwona mzuri kuliko siku zote, na tangu siku hiyo moyo wake haukurudi mahali pake.

Tatizo lilikuwa mlango. Mashine inataka mahali penye umeme na watu wenye kiu, na Sawatari nzima hakuna penye kiu kama mlangoni pa hamamu ya akina Minowa. Mlango huo ulikuwa wa Bi Setsu. Na Kohei naye, tuseme ukweli, alikuwa wa Bi Setsu.

"Nimesema na narudia," Bi Setsu akasema. "Nyumba hii inauza maji ya moto na maziwa baridi tangu enzi za mama mkwe wangu. Mtu akitoka kuoga anakunywa maziwa yake, chupa anaipokea mkononi mwa mtu. Na huyo mtu ni mimi. Msichana anayeuza kwa mashine ni msichana asiyetaka kuonana na watu. Kesho akiwa mkwe wangu, si atanisalimia kwa kitufe?"

"Mama," Kohei akaanza.

"Sijamaliza. Nimewapa siku moja na siwezi kurudi nyuma. Leo siku ya kuogea yuzu, mji mzima utakuja kuoga. Wakiipenda, ibaki. Akilalamika mtu, hata mmoja, mnaipakia kwenye lori. Na yale maneno mengine unayoniletea kila nikikaa kula, nisiyasikie tena."

"Maneno gani?" Kohei akauliza, ingawa masikio yalikuwa yameshakuwa mekundu.

"Unayajua. Na yeye anayajua. Angalia anavyotazama chini."

Akageuka, akaingia ndani na ufagio wake.

Ilibidi wasaidiwe na Mzee Matsuo, baba yake Kohei, ambaye kazi yake ni kuchochea kuni za tanuri na ambaye huongea mara mbili tu kwa siku. Alikuja, akashika upande wake, akasema "Moja, mbili," akarudi kwenye kuni zake. Maneno yake ya asubuhi yakawa yameisha.

Mashine ilipokwishaegemezwa ukutani, Chizuru na Kohei walibaki wawili, pumzi zao zikipanda mvuke. Mikono yao yote minne ilikuwa bado kwenye mashine ingawa mashine haikuwa inaanguka tena.

"Na akikataa?" Kohei akauliza taratibu.

"Nitaipeleka pale kwa fundi baiskeli, njia ya stesheni. Ameshaniambia nafasi ipo."

"Na mimi utanipeleka wapi?"

"Wewe hubebeki. Una mama."

Alitania, lakini macho yake hayakutania, na Kohei aliona. "Sema unachotaka kusema, Chizu."

Chizuru alipangusa theluji kwenye kioo cha mashine, ambacho hakikuwa na theluji. "Nakupenda. Hilo unalijua, nimeshalisema mpaka limechakaa. Lakini siwezi kuolewa nyumba ambayo kila nikiamka nitaiombea msamaha kazi yangu. Nitavumilia mwaka, miwili. Halafu nitaanza kukuchukia wewe, ambaye huna kosa. Kwa hiyo leo ikishindikana, Kohei, imeshindikana yote."

Kohei alitaka kusema neno kubwa, la kiume, la kukumbukwa. Lililotoka lilikuwa: "Nikusaidieje?"

"Chukua ufunguo huu. Mimi narudisha lori la watu. Umeme ukishaingia, nitazamie tu kama inaguruma vizuri. Usiguse kitu."

Alimwekea ufunguo kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja, akaondoka. Kohei alisimama akiangalia alama za magurudumu mpaka baridi ikamkumbusha kwamba ana miguu.

Sasa hapa ndipo mapenzi yalipoharibu kazi. Mwanamume aliyependa akiambiwa asiguse kitu, mkono unamwasha. Kohei aliifungua mashine, akaona vyumba vitatu vya ndani, kila kimoja na swichi yake, moto au baridi. Viwili vya kulia vilikuwa kwenye moto, na humo mna kahawa na chai za makopo. Kile cha kushoto kilikuwa kwenye baridi. Akatazama theluji inavyoanguka. Akawaza: Katika baridi hii nani atataka kitu baridi? Maskini Chizu, amesahau. Akabonyeza swichi ya kushoto ikaenda kwenye moto, akafunga, akajiona mume bora kabla ya ndoa.

Hakutazama kilichokuwa ndani ya chumba kile. Kilikuwa kimejaa soda ya limau na soda ya tikiti, kopo kwa kopo, na kwa nje, chini ya kila kitufe, kibandiko cha bluu kiliendelea kusema "Baridi".

Alasiri hamamu ilifunguliwa. Matunda ya yuzu, jamii ya limau, yalielea majini, manjano, kila moja na harufu yake, na mvuke wenye harufu hiyo ukatoka mpaka barabarani ukawavuta watu. Walikuja na mataulo mabegani, wazee kwa vijana, na kila mmoja alipofika mlangoni alisimama kidogo mbele ya mashine inayong'aa, akamtazama Chizuru, akamtazama Bi Setsu kwenye kaunta, akaingia akitabasamu. Mji mdogo haufichi kitu. Wote walijua kwamba pale hapauzwi soda tu.

"Chagua upande, mke wangu," mwanamume mmoja alimnong'oneza mkewe.

"Mimi niko upande wa harusi," mkewe akajibu. "Sijala harusi mwaka mzima."

Mteja wa kwanza kutoka majini alikuwa Bi Kikue, mjane wa miaka themanini na kitu, mwekundu kwa joto kama kamba wa kuchemsha. Alitia sarafu, akabonyeza soda ya tikiti. Kopo likadondoka. Chizuru alikuwa pembeni akitazama.

Bi Kikue alilichukua kopo, akalibadilisha mkono, akalibadilisha tena. "Mbona hili linaungua?" akasema, na kabla Chizuru hajafika akalifungua.

Povu la kijani lilipanda likampata usoni, kwenye nywele alizotoka kuziosha, na kwenye taulo jipya. Bi Kikue alilamba mdomo wa juu.

"Basi nimeoga mara mbili kwa kiingilio kimoja," akasema.

Watu waliangua kicheko, lakini Chizuru hakucheka. Alifungua mashine kwa ufunguo aliorudishiwa na Kohei, akaweka kiganja kwenye chumba cha kushoto, akahisi joto, akaona swichi. Asubuhi ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja tu. Aligeuka akamtazama Kohei aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani, na rangi ilivyomtoka usoni ikamaliza maswali yote.

"Nilikwambia usiguse," akasema chini kwa chini.

"Nilidhani ni kahawa. Nilitaka watu wasione baridi."

"Soda ya moto, Kohei. Umeona wapi?"

"Sikuangalia ndani. Chizu, nisamehe, mimi…"

"Kuna nini huko?" Sauti ya Bi Setsu ilifika kabla yake. Alikuwa ameacha kaunta, jambo asilolifanya hata kwa kifo, na alisimama kati yao akitazama povu lililomwagika kwenye sakafu yake. "Nani kaharibu?"

Chizuru aliinama, kichwa chini kabisa, mikono mapajani. Kwanza kwa Bi Kikue, kisha kwa Bi Setsu, kisha kwa watu wote. "Kosa ni langu. Mashine ni yangu, nilipaswa kuikagua kabla ya kufungua. Naomba radhi sana."

"Si yeye," Kohei akasema kwa nguvu. "Ni mimi. Nilibonyeza swichi bila kuambiwa."

"Nyamaza. Nimemuuliza mwenye mashine." Lakini Bi Setsu alikuwa anamtazama Chizuru kwa jicho jipya. Huyu msichana alikuwa na njia ya kujiokoa, nyepesi, ya kweli kabisa, na hakuipita. "Haidhuru. Makubaliano yetu yalikuwa akilalamika mtu mmoja. Amelalamika."

"Nani huyo?" Bi Kikue akauliza, akijifuta sikio.

"Wewe, Bi Kikue."

"Mimi? Mimi nimeuliza mbona linaungua. Kuuliza ni kulalamika? Basi mume wangu marehemu, Setsu, nilimlalamikia miaka hamsini." Akanyoosha mkono. "Binti, nipe jingine. La baridi. Koo langu linasubiri."

La baridi halikuwepo. Kila soda aliyokuwa nayo Chizuru ilikuwa ndani ya chumba kile, yenye moto. Alitazama makopo, akatazama watu, akatazama nje. Kisha akavua koti.

"Kohei, ndoo."

Ndoo ilikuja, lakini haikuletwa na Kohei. Mzee Matsuo alitokea nyuma ya nyumba akiwa ameshika mbili, na koleo. Akaziweka chini, akasema, "Theluji ya kwenye bustani ni safi," akarudi kwenye tanuri. Siku hiyo alikuwa amemaliza kabisa.

Chizuru na Kohei walichota theluji, wakamwagia maji kidogo, wakazika makopo, wakawa wanayazungusha kwa mikono yapoe haraka. Walipiga magoti bega kwa bega mlangoni, vidole vimekuwa vyekundu.

"Bado umekasirika?" Kohei akanong'ona.

"Sana. Zungusha."

"Nikwambie kitu?"

"Zungusha kwanza."

"Unaposhika koleo unanimaliza."

Chizuru alijitahidi kubaki na hasira yake, akashindwa, akamrushia theluji shingoni. Wateja waliokuwa wakitoka kuoga hawakuondoka. Walisimama na mataulo yao wakingoja, na Chizuru akawa anawapa makopo kwa mikono miwili, mmoja mmoja.

"Karibu, Mwalimu. Mguu umepona? Chukua hii ya limau, haina sukari nyingi. Bi Kikue, yako hii hapa, ifungue polepole. Bwana Oda, mkeo bado yumo ndani, nikuwekee na yake?"

"Ya tikiti," Bwana Oda akasema. "Tukinywa rangi moja atafurahi."

Soda iliyotoka kwenye theluji, mwili ukiwa bado una moto wa maji na harufu ya yuzu, ina ladha ambayo mashine haijui kuitengeneza. Waliokunywa walirudi kununua. Waliokuwa majini walitoka mapema wasikose. Huko kwenye kaunta Bi Setsu naye aliuza maziwa yake yote, maana mtu akisimama na mwenzake anayekunywa, naye anataka kitu.

Watu walipopungua, Bi Setsu alimwita. Chizuru alisimama mbele ya kaunta, nywele zimelowa, mikono ameificha kwenye mifuko.

"Nataka unijibu kweli," Bi Setsu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya ufagio. "Hamamu ya kule ng'ambo ya mto wameweka mashine ya tiketi. Mama aliyekuwa anakaa kwenye kaunta sasa anakaa nyumbani akitazama ukuta. Ukishaolewa hapa, kiti changu hiki utakiwekea mashine lini?"

Chizuru alikitazama kiti. Kumbe hili ndilo lililokuwa limesimama mlangoni na ufagio. Haikuwa maziwa, haikuwa salamu.

"Kiti chako sikitaki, Bi Setsu. Na mtu akileta mashine ya kukaa hapo, nitaitupa mtoni mimi mwenyewe. Mwaka jana nani aliona Bi Kikue hajaja kuoga, akamtuma Kohei kwenda kumgongea? Angekufa na homa yake. Mashine yangu haijui nani hajaja. Inakata kiu tu, hata saa ambazo wewe umelala."

"Na maziwa?"

"Sitauza maziwa. Hata nikifa njaa."

"Kahawa ya maziwa je?"

Chizuru alifikiri kama mfanyabiashara. "Hiyo inauzika vizuri, Bi Setsu."

"Najua inauzika. Ndiyo maana nauliza."

Walitazamana. Kisha Bi Setsu akaangua kicheko, kicheko cha tumboni ambacho Kohei, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia, hakuwa amekisikia tangu utoto wake.

"Iondoe kahawa ya maziwa, mashine ibaki," akasema. "Sasa nenda kaoge, umeganda. Yuzu bado zinaelea."

Chizuru alitoa pochi, akaweka sarafu za kiingilio kwenye kaunta kama mteja yeyote. Bi Setsu alizitazama, akazisukuma kwa kidole kimoja zikarudi.

"Umeona wapi mtu akalipa kuoga kwao?"

Chizuru aliinama. Alizichukua sarafu, akaingia upande wa wanawake, akavua, akajisugua, akaingia kwenye maji ya moto mpaka kidevuni, na humo, kati ya matunda ya njano, akalia kwa furaha bila kujificha. Bi Kikue, aliyekuwa amerudi kuoga kwa sababu ya soda kwenye nywele, alimsogezea yuzu moja.

"Lia tu, mwanangu. Humu hakuna anayejua lipi chozi lipi maji."

Ukuta unaotenga wanawake na wanaume haufiki darini, na kila sauti inapita juu yake. Jioni zote, mtu na mkewe wakija pamoja, mume akimaliza huita juu ya ukuta kwamba anatoka, mke naye humjibu, waondoke pamoja mmoja asigande akimngoja mwenzake. Bwana Oda ameita hivyo miaka mingi. Huita waliooana tu. Kijana ambaye hajaoa akiita jina la mwanamke juu ya ukuta ule, hataweza kusema kesho kwamba alikuwa anatania.

"Chizuru," sauti ya Kohei, aliyekuwa ameingia upande wa wanaume, ikapita juu ya ukuta. Ilikwaruza kidogo. Akaijaribu tena. "Chizuru. Natoka sasa."

Maji yalitulia pande zote mbili. Mwanamke aliyekuwa anamsugua mwenzake mgongo aliacha mkono hewani.

Kutoka kwenye kaunta, ambako pande zote mbili zinasikika, Bi Setsu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kohei, kausha nywele kwanza. Hakuna anayetaka mume mwenye mafua."

"Jibu, mwanangu," Bi Kikue akanong'ona, akimfinya Chizuru chini ya maji. "Mwanamume yuko uchi, na mji mzima unasikiliza."

Chizuru alisimama, maji yakimchuruzika, akainua uso kuelekea juu ya ukuta.

"Nisubiri mlangoni," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mzee Matsuo na kuni zake. "Na mimi natoka."